Mpagazi Aliyecheka

Kila ninaponunua kitabu kikuukuu, nakinusa kwanza. Wauza mitumba wa Tunduma wameshanizoea. Wanatandaza vitabu kwenye turubai kando ya viatu na mashuka, na nikiinama tu kupeleka kurasa puani, mmoja wao huwaambia wenzake, "Mwacheni dada yetu, anakagua kama kimeoza." Nami hucheka nao, kwa sababu ni kweli nanusa kama mtu anayenunua samaki. Ninachotafuta ni harufu ya moshi wa kuni, ya karatasi iliyoingia unyevu, na ya ganda kavu la kahawa lililokaa muda mrefu kwenye gunia. Siku nikiipata, nasimama hapohapo katikati ya watu, malori yakipiga honi, na nasikia sauti ya bibi yangu ikiniuliza kwa ukali, "Wengi ndio akina nani?"

Nasoma sana habari za vita ile ya zamani, ya Wajerumani na Waingereza, iliyopita kwetu kabla baba zetu hawajazaliwa. Nasoma riwaya zake, nasoma kumbukumbu za walioipigana, nasoma na vitabu vizito vya wasomi vyenye ramani. Wenzangu kwenye ofisi ya uwakala wa forodha wanadhani najiandaa kwa mtihani wa siri. Mtanielewa zaidi ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba ambayo vitabu vyake vyote viliingia kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Vya kwetu Ihanda vilikuwa Biblia, kitabu cha nyimbo, na kijitabu cha kilimo cha kahawa alichokileta bwana shamba. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza kama yaliyoandikwa humo yalikuwa ya kweli. Biblia ilikuwa kweli, hilo halikuwa na mjadala. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kweli kwa sababu watu waliimba wakalia. Na kijitabu cha kahawa kilisema mvua zikizidi na baridi ikiingia, ugonjwa wa chulebuni utaozesha matunda mtini, na mvua zikazidi, na matunda yakaoza. Hadithi za kubuni tulizijua vizuri tu: zilikuwa na sungura ndani yake, na zilisimuliwa jikoni. Hakuna aliyezichapa. Kwa hiyo nilikua nikijua, kama nilivyojua kwamba moto unaunguza, kwamba mtu akiwa ndani ya kitabu basi alizaliwa na mwanamke.

Vitabu vingine viliingia nyumbani pamoja na msiba. Baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ikinga, kule Ileje milimani. Aliugua wakati wa masika, barabara ikawa tope tupu, na walipomfikisha hospitali alikuwa hana tena pumzi ya kusema. Baada ya matanga wazee walikaa kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi: koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, redio kwa baba. Mwisho likabaki sanduku la bati lililojaa vitabu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee mmoja akasema vinafaa kuwashia moto. Bibi, ambaye hakujua hata herufi moja, akanyanyuka kutoka kwenye mkeka wake, akalikalia lile sanduku, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lilipandishwa darini, jikoni kwake, karibu na magunia ya kahawa. Baada ya muda akaniita. Nilikuwa shule ya msingi bado, na sifa yangu pekee pale nyumbani ilikuwa kusoma bila kukwama.

"Shusha kimoja," alisema. "Nataka nijue mwanangu alikuwa anazungumza na nani huko, jioni zote zile peke yake."

Ndivyo tulivyoanza. Ilikuwa alasiri, kahawa imeanikwa kichanjani, yeye kasimama anachambua, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Vidole vya bibi vilikuwa na macho. Vilipita juu ya kahawa iliyolowa vikitoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, naye uso ameugeuzia kwangu. Nilisoma sentensi kwa Kiswahili, kisha nikaigeuza iwe Kinyiha, maana Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni na kanisani tu. Yote aliyoyasema, ninayoyaandika hapa, aliyasema kwa Kinyiha.

Vitabu karibu vyote vilikuwa vya vita ile. Bibi alipolitambua hilo, aliacha kuchambua, akajifuta mikono kwenye khanga taratibu. "Kumbe alikuwa anamtafuta," alisema, na sikuthubutu kuuliza nani, kwa sababu nilijua.

Baba yake bibi alichukuliwa katika vita hiyo. Jambo hili kwetu lilisemwa kwa sauti ya chini. Askari walipita wakitafuta watu wa kubeba mizigo, wakamkuta shambani, wakamfunga kamba pamoja na wenzake, akaenda. Bibi alikuwa mchanga, yuko mgongoni mwa mama yake. Mtu yule hakurudi, wala hakuna aliyerudi na habari zake. Na katika ukoo wetu, mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa hawezi kuliliwa. Kumlilia ni kumuua kwa mdomo. Na asiyeliliwa, jina lake halirithiwi. Wajukuu walizaliwa, vitukuu tukazaliwa, majina ya mababu wote yakagawiwa, lake likabaki linaning'inia. Hata kulitaja watu waliogopa. Walisema tu, "Yule aliye safarini."

Tulikuwa Wakristo, tena wa kukaa viti vya mbele. Lakini mtoto akipata homa isiyosikia dawa, mama zetu waliangaliana. Na bibi hakutia komeo mlango wa nyuma mpaka watu wote wawe wamelala. Hakuna aliyenieleza sababu, nami nikajijazia mwenyewe. Niliamini mzee yule bado anatembea. Niliamini mzigo uko kichwani kwake hadi leo kwa sababu hakuna aliyemwambia autue, na kwamba mchakacho wa majani kwenye mibuni jua likizama ni yeye anayepapasa njia ya nyumbani. Nilimwonea huruma kidogo. Zaidi nilimwogopa, na choo chetu kilikuwa huko huko nyuma, upande wa mibuni.

Baba mdogo alipokufa, nilimsikia bibi akimwambia mama yangu, walipodhani nimelala, "Amechoka yule. Sasa anachukua watu wa kumpokea mzigo." Mama akamwambia asiseme hivyo, waombe. Bibi akasema ataomba, lakini yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki, na akiondoka kabla baba yake hajaliliwa, nani tena duniani atamwita yule mtu baba? Nililala na maneno hayo siku nyingi.

Kitabu cha kwanza nilichoshusha kilikuwa cha historia, kimeandikwa na msomi. Kilikuwa na ramani zenye mishale, na majenerali waliokuwa wakihama mto huu kwenda mto ule. Nilikisoma kwa sauti ya kanisani. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba wapagazi walikufa kwa wingi kwa njaa na kuhara damu.

Bibi akainua kichwa. "Walikufa wangapi?"

"Imeandikwa wengi."

"Wengi ndio akina nani?"

Nikapekua mbele na nyuma. "Hawajatajwa, bibi."

"Basi aliyeandika hakuwepo," alisema. "Aliyekuwepo angemkumbuka hata mmoja. Kirudishe."

Cha pili kilikuwa kumbukumbu za ofisa mmoja Mzungu, zimefasiriwa kwa Kiswahili kizuri. Huyu alikuwepo, hilo halikuwa na shaka. Alieleza mbu, alieleza buti zake zilivyooza, na alieleza mbwa wake aliyemfuata vita nzima. Mbwa yule alikuwa na jina, na tabia, na ukurasa mzima alipougua. Katika ukurasa huohuo ofisa aliandika kwamba kwenye kinamasi walipoteza wapagazi kadhaa. Nililigeuza hilo kwa Kinyiha nikaendelea na mbwa, mpaka bibi akanikatiza.

"Mbwa ana jina," alisema.

Akaniambia nikirudishe na hicho, na ninawe mikono kabla ya kula.

Cha tatu hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika, kikaanzia katikati ya sentensi, na kwa sababu hiyo nilikidharau. Lakini hiki kilikuwa na watu. Wapagazi ndani yake walitukanana, waligombania chumvi, waliota mama zao. Mmoja alificha muhogo kwenye nywele. Kitabu kilijua hata walichokuwa wanawaza usiku kila mmoja amejikunyata kwenye majani. Sikuwa nimewahi kuona historia ya namna hiyo, na nikakata shauri, mimi na akili zangu za wakati ule, kwamba hii ndiyo iliyo kweli kuliko zote. Msomi hakujua majina, ofisa alimjua mbwa tu, lakini mtu huyu alijua mpaka ndoto. Bibi naye alisema hivyo hivyo. "Huyu sasa alikuwepo. Soma."

Siku moja nikafika kwenye mtu mmoja mfupi, kitabu kilimwita mtu wa milimani, kabeba kasha la risasi. Kasha likamponyoka likamwangukia mguuni, likaponda kidole. Wenzake walitazamia alie. Akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, askari akamchapa kiboko anyamaze, naye akazidi kucheka.

Mikono ya bibi ilisimama juu ya kahawa.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Kisha akaja akakaa chini, karibu na ndoo yangu, miguu ameinyoosha kama msichana, na akanieleza jambo ambalo hata baba yangu alikuwa halijui. Mama yake alimwambia kwamba baba yake alikuwa hivyo. Akijikata na jembe, alicheka. Nyuki walipomvamia, alicheka. Siku ile walipomfunga kamba, kamba ikamla mikono, akacheka mpaka askari wakamtazama kwa woga. Mama yake hakumwona akipotea kwa sababu ya kona ya njia. Kilichobaki masikioni mwake mpaka anazeeka ni kicheko cha mumewe kikiteremka bondeni, kikipungua, kikipungua.

"Huyo ni baba," alisema bibi.

Nilikishika kile kitabu kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Tulisoma kwa siku kadhaa tukimfuata yeye tu. Mengine tuliyaruka. Alasiri moja yenye ukungu tukafika mtoni. Mtu wa milimani alikuwa na homa. Alikaa kando ya mto, akautua mzigo, akasema apumzike kidogo. Mzigo wake wakambebesha mwingine. Msafara ukapita mbele yake, mtu kwa mtu, hadi wa mwisho, na hakuna aliyesimama. Sura ikaishia hapo.

Bibi alinyanyuka, akaweka mikono kichwani, akapiga kile kilio ambacho kwetu hupigwa kwa ajili ya baba mzazi tu. Majirani walikuja mbio, wengine na majembe mkononi. Wakamuuliza kuna nini.

"Baba amefariki," alisema.

"Baba yupi, mama?" waliuliza, maana bibi mwenyewe alikuwa kizee wa kutembelea mkongojo.

"Baba yangu."

Baba yangu aliporudi alikuna kichwa muda mrefu. Lakini kilio kikishapigwa hakirudishwi tumboni. Watu wa ukoo wakaitwa, hadi wa kijiji cha Ruanda wakaja. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao, na mzee wa kanisa akaja pia, shingo upande, akisema atasikiliza kwanza. Mkubwa wa ukoo akasema msiba hauwezi kukaliwa bila shahidi aliyeona. Shahidi yuko wapi? Baba akanitazama. Nikasimama mbele ya watu wazima na kitabu kisicho na jalada, nikasoma.

Walisikiliza kama mahakamani. Nilipomaliza mkubwa wa ukoo akauliza, "Aliyeandika ni nani?"

"Jalada halipo, babu."

"Alikuwepo?"

"Anajua mpaka alichokuwa anawaza," nilijibu.

Wazee wakatazamana. "Basi alikuwa karibu naye sana," alisema yule mzee. "Huenda walikuwa wanalala pamoja." Mwingine akauliza alikuwa amebeba nini. Nikasema risasi. Wakatikisa vichwa, ndiyo, walibebeshwa risasi. Mzee wa kanisa akauliza kama kitabu kinasema alimwita Mungu. Nikasema kinasema aliutazama mto. Akafikiri, akasema hiyo nayo ni sala, na akavua kofia.

Matanga yalikaliwa. Moto ulikokwa uani, wanawake wakalala mikekani, nyimbo zikaimbwa. Siku ya kuondoa msiba, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na umri wa wiki chache na bado anaitwa Mtoto tu, aliletwa mbele. Mkubwa wa ukoo akamshika, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Nzunda." Ndipo nilipolisikia jina lile kwa mara ya kwanza maishani. Lilikuwa jina la kawaida tu, kama jembe. Nilitegemea ardhi itikisike, na haikutikisika. Jioni ile bibi alitia komeo mlango wa nyuma kabla hata ya chakula, na tangu hapo nilikwenda chooni peke yangu bila kukimbia.

Nilijivuna kupita kiasi. Nilitembea kijijini kama mtu aliyemtoa babu yake vitani kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka ilipita, nikaenda sekondari ya bweni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mama mchangamfu aliyependa vitabu kuliko chakula. Siku moja akaleta boksi la vitabu vya kujisomea akavipanga mezani, na katikati nikakiona chetu. Sikukijua kwa jalada, kwa sababu sikuwahi kuliona. Nilikifungua bila kukusudia na macho yakaangukia muhogo kwenye nywele. Nikamuuliza mwalimu hii ni historia ya wapi.

"Hiyo si historia, hiyo ni riwaya," alisema. "Mwandishi wake alizaliwa vita vimekwisha zamani. Ametunga."

"Na huyu mpagazi anayecheka?"

Uso wake ukang'aa. "Umemwona eh? Huyo kampatia kwelikweli. Ndipo unapojua mwandishi ni fundi. Mtu hajawahi kuwepo, na unamsikia anacheka."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Sikuwaza aibu kwanza, ingawa nayo ilikuja. Niliwaza jambo moja: kwamba tulimlilia mtu ambaye hakuzaliwa, na yule aliyezaliwa alikuwa amesimama kwenye mibuni siku zote zile za matanga, mzigo kichwani, akiutazama moto ambao haukukokwa kwa ajili yake. Akasikia jina lake linapewa mtoto. Akaona mlango unatiwa komeo. Woga wangu wote wa utotoni ulinirudia siku moja, na safari hii nilikuwa nimeshakua, sina hata wa kumshika nguo.

Likizo nilimwambia baba. Alikuwa ghalani, anasafisha mashine ya kumenyea kahawa, na bibi alikuwa ndani. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea, kisha ikaacha.

"Mdogo wako ana jina," alisema. "Bibi yako analala usingizi. Sasa unataka tufukue nini?"

"Lakini baba, hakuwepo."

"Wa kwenye kitabu ndiye hakuwepo. Babu yangu alikuwepo." Akachungulia mlangoni, akasogea karibu, akanong'ona. "Usije ukamwambia. Utamuua."

Sikumwambia. Lakini kila Nzunda alipopata homa, nilikuwa wa kwanza kumgusa paji la uso, na niliomba sala ambazo zisingempendeza mzee wa kanisa. Nilimwomba yule mzee moja kwa moja. Nilimwambia kosa si la mtoto. Na nikaanza kusoma, kila kitabu cha vita ile nilichokipata, nikimtafuta yeye mwenyewe, wa kweli, ili nije nimwombe radhi kwa jina lake na mahali pake. Nilipata "wengi" tena. Nilipata "kadhaa". Ofisa mwingine aliandika kwa upendo juu ya nyumbu.

Bibi aliugua mwaka niliomaliza shule. Alikuwa amepungua hadi kitanda kikawa kikubwa kwake. Alasiri moja mvua inanyesha, baba yuko nje anafunika kichanja, alinyoosha mkono na kuniambia nishushe kitabu chetu. Hakusema kipi. Nikakishusha darini, nikakaa pembeni ya kitanda, nikamsomea kama zamani, sentensi kwa Kiswahili, sentensi kwa Kinyiha. Alifumba macho. Nilisoma kidole kilichopondwa, nikasoma kiboko, nikasoma homa, nikafika mtoni. Mtu wa milimani akautua mzigo. Msafara ukapita mtu kwa mtu.

Nilijua kinachofuata. Sura inayofuata inaanza na kanali anayekunywa chai. Kwa miaka yote mtu yule alibaki amekaa pale, na mimi ndiye niliyekuwa nikifunga kitabu na kumwacha. Sikupanga nilichofanya. Nilisikia tu sauti yangu inaendelea kwa Kinyiha bila Kiswahili kutangulia. Nikasema wawili waliokuwa nyuma kabisa ya msafara waligeuka. Nikasema walirudi mtoni wakamkuta ameshakata roho, wakatazama kama askari wako mbali, wakapiga magoti.

"Hayo hayamo," alisema bibi, macho bado ameyafumba.

"Hayamo, bibi."

Mvua ilipiga bati. Niliona kwamba siwezi tena. Nilikuwa nimeubeba uongo ule peke yangu kiasi cha kutosha, na machozi yalikuwa yameshanitoka.

"Hata hayo mengine, bibi," nilisema. "Kitabu chote. Mtu alikaa tu akatunga. Huyu hakuwepo. Hatujui alikofia babu. Hakuna anayejua."

Nikasubiri nione nimemuua.

"Najua," alisema. "Baba yako tangu mtoto hajui kunong'ona."

Nilimtazama. "Ulisikia siku ile? Mbona hukusema?"

"Niseme, halafu wamnyang'anye mtoto jina?" Alipumua kidogo, akakusanya nguvu. "Kulia, nilimlilia baba yangu. Sikumlilia mwingine. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna aliyemzika. Naenda kuonana naye, na ataniuliza."

Nilikifunga kile kitabu nikakiweka sakafuni. Bibi aliusikia mlio wake, akapapasa shuka mpaka akakishika kidole changu.

"Endelea," alisema. "Hao wawili wamefikia wapi?"

"Wameanza kuchimba, bibi."

"Kwa kitu gani? Wana majembe?"

"Hawana. Wanachimba kwa mikono, na kwa ubao wa kasha. Udongo ni laini, ni kando ya mto."

"Wamefika wapi?"

"Magotini."

Akanibana kidole kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo.

"Waambie wachimbe zaidi," alisema. "Nchi ile ina fisi."

Nikawaambia.